Nauza vitabu vya PDF kwa buku, na cha baba mdogo kimo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, na nina fremu ya steshenari hapa Dar es Salaam, upande wa Ubungo, jirani na chuo ambacho sitakitaja kwa sababu wateja wangu karibu wote wanatoka humo. Nilianza mwaka 2015 na mashine moja ya kutoa kopi, mtumba, niliyoinunua kwa mkopo wa kikundi. Wakati ule kazi ilieleweka: mwanafunzi anaazima kitabu maktaba, ananiletea, namtolea kopi sura anazotaka, nabaindi, analipa, anarudisha kitabu cha watu. Wiki za mwanzo wa semesta nilikuwa nafunga duka saa sita usiku.

Ikaja corona mwaka 2020, vyuo vikafungwa. Vilipofunguliwa wanafunzi walirudi lakini kopi hazikurudi. Kila kitu sasa kinatumwa kwenye magrupu ya WhatsApp na vijana wanasoma kwenye simu. Mtu anakuja kuprinti jalada la kazi ya darasani, karatasi moja, anaondoka. Kodi ya fremu yenyewe ni laki mbili na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo.

Aliyenionyesha njia ni kijana ninayefanya naye kazi, mtoto wa jirani, kompyuta anaijua. Usiku bando likiwa rahisi anashusha vitabu kutoka kwenye mitandao anayoijua yeye. Mmoja uliwahi kufungwa na Wamarekani, wiki mbili tatu ukarudi kwa jina lingine. Leo tuna diski yenye vitabu zaidi ya elfu tatu. Kimoja buku, yaani shilingi elfu moja, mzigo wa semesta nzima buku tano. Mwanafunzi anataja jina la kitabu, anatumiwa WhatsApp au anawekewa kwenye flashi. Bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, likitoka foleni inafika barazani. Wako hata wahadhiri wanaowaambia wanafunzi, "Nendeni kwa yule mama."

Shangazi, sikuwahi kujiona mwizi. Kuna binti anasoma uuguzi, mama yake anauza vitumbua Manzese. Nilimuulizia kitabu chake cha anatomia kwenye duka moja mjini, nikaambiwa laki moja na themanini. Mama auze vitumbua vingapi? Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa kwanza kwa kukosa ada, kwa hiyo nikimwona mtoto kama yule namwelewa. Asiponunua kwangu hatakwenda kununua cha laki moja na themanini. Atakosa tu.

Sasa kilichonifanya niandike. Baba mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki nikiwa darasa la nne. Alikuwa mwalimu wa sekondari, amestaafu, yuko Morogoro. Alipopata kiinua mgongo alitoa kitabu cha maswali na majibu ya somo lake, nakala elfu moja kwa fedha yake mwenyewe. Vijana wanaosomea ualimu wanakitafuta sana. Aliniletea nakala 30 nimuuzie, elfu nane kila moja. Niliuza nne.

Miezi mitatu iliyopita alikuja Dar kliniki ya macho. Siku hiyo nilikwenda Kariakoo kufuata tona, nikamwacha dukani na kijana, ambaye hajui yule mzee ameandika nini. Akaingia mwanafunzi, akataja jina la kitabu. Kijana akamjibu, "Kipo, buku." Mzee akangoja mwanafunzi aondoke, naye akatoa buku yake, akaomba atumiwe. Niliporudi nilimkuta ameketi palepale, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, simu ameisogeza karibu na jicho. Akaniuliza kama tona nimepata. Jioni alikula nasi, akawasimulia watoto hadithi. Alfajiri akaondoka hata chai hakungoja.

Tangu hapo nikipiga simu anapokea mama mdogo. Kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu alisalimia watu wote, mimi akanipa mkono akatazama pembeni. Watu walipomuuliza akasema, "Sina neno na mtoto."

Mume wangu anasema biashara ni biashara, nikiacha mimi fremu ya jirani itachukua wateja wangu kesho asubuhi. Rafiki yangu anasema niombe msamaha yaishe. Mwaka mpya wa masomo uko karibu. Niifute ile diski? Nikiifuta nitalipa nini kodi, na yule binti wa uuguzi atakwenda wapi?

Jambo la mwisho, nalo sijamwambia mtu. Kitabu cha baba mdogo hakikutoka mtandaoni. Tulikipiga picha hapahapa dukani, nakala mojawapo ya zile 30. Kwenye ukurasa wa 17 kuna kidole gumba kimeshikilia karatasi, kina pete. Ile pete alininunulia yeye nilipomaliza kidato cha nne.

Mwenye Fremu, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikairudia usiku. Umeandika kurasa nzima kuhusu biashara, kisha kidole umekileta mwishoni, kama mgeni aliyekwisha kuaga ndipo anakumbuka mlangoni kilichomleta. Nitakifikia. Kwanza tukae pale ulipoanzia wewe.

Unasema mwanafunzi asiponunua kwako atakosa tu. Kwa binti wa Manzese na kitabu cha laki moja na themanini, siwezi kukubishia. Hakuna mchapishaji wa Ulaya aliyekuwa anaingoja fedha ya vitumbua. Lakini hoja hiyo umeikata kwa kipimo cha kitabu kimoja ukavivisha vitabu elfu tatu. Cha baba mdogo kiliuzwa elfu nane. Mwanafunzi aliyetoa buku tano ya mzigo, wiki ambayo bumu limetoka, je, elfu nane ilimshinda kweli? Huenda wengine iliwashinda. Huenda wengine waliona tu kwamba pembeni kuna cha buku. Vile 26 vilivyobaki vinaweza kuwa vilishindwa kuuzika, na vinaweza kuwa vilikuwa na mshindani kwenye duka lilelile. Wewe ndiye uliyekuwepo, unajua zaidi yangu.

Kuhusu sheria nitasema kidogo, maana mimi si wakili na sikusudii kukutisha. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayoisimamia, COSOTA, iko. Haki za mwandishi zinadumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo. Mwanafunzi anayetoa kopi ya kurasa chache ajisomee, na duka linalouza kitabu kizima kwa kila anayeingia, ni mambo mawili tofauti, na nadhani hilo unalijua, ndiyo maana hukutaja jina la chuo. Ule mtandao uliofungwa na kurudi unafanana na ule ambao serikali ya Marekani ilizitwaa anwani zake Novemba 2022. Biashara inayotegemea kisima cha namna hiyo inaweza kukauka bila wewe kukosea chochote kipya.

Kuna kitu kingine umekipita haraka. Umeandika kwamba kopi hazikurudi, kama vile ni mvua iliyoacha kunyesha. Kuna watu waliamua hivyo, na hawakuamua kwa ajili yako wala ya binti wa uuguzi. Julai 2019, kabla hata ya corona, kampuni ya uchapishaji ya Pearson ilitangaza kwamba vitabu vyake vya vyuo vya Marekani, kama 1,500, vitaanza kuhuishwa kidijitali kwanza, na cha karatasi kitafuata nyuma. Kitabu cha karatasi kina tabia moja inayomkera muuzaji: kinauzwa mara ya pili, kinaazimishwa, kaka anamwachia mdogo wake. Cha dijitali bei inashuka, ila mara nyingi unanunua ruhusa ya kukisoma, wala hukimiliki kama unavyomiliki sufuria. Mwaka 2009 Amazon, kampuni inayouza vitabu mtandaoni, iliwahi kufuta vitabu viwili kutoka kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea, za watu waliokuwa wameshavilipia, kwa kuwa aliyeviingiza sokoni hakuwa na haki navyo. Fedha ilirudishwa, vitabu vikatoweka usiku. Februari 2025 kampuni hiyohiyo ikaondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua na kukihifadhi kwenye kompyuta yako. Nakueleza haya kwa sababu mtu akikuambia kwamba wanafunzi wote waende tu wakanunue dijitali halali, mwambie nayo ina masharti yake, mbali na kwamba inadai kadi ya malipo ya mtandaoni ambayo wengi wao hawajawahi kuishika.

Sasa hebu nikuulize swali ambalo mume wako hakuuliza. Wanafunzi wakikupa buku, wananunua nini hasa? Wewe unasema kitabu. Mimi nikisoma barua yako naona wananunua kutafutiwa. Hawana bando la kuhangaika usiku kucha, hawajui toleo lipi ndilo, wanaogopa virusi, na wanataka mtu ambaye faili likigoma kufunguka watamrudia wamlalamikie. Hiyo ni kazi, na ni yako. Haina uwizi ndani yake. Kilicho na shida ni kile unachowapa mwisho wa kazi hiyo.

Binti wa uuguzi tumchukue kama mfano, kwa kuwa ndiye umemtaja. Chuo Kikuu cha Rice kule Texas kina mradi unaoitwa OpenStax, ulianza kutoa vitabu mwaka 2012. Kina kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia, PDF, bure, na leseni yake inaruhusu mtu kukinakili na kukiprinti ilimradi ataje kilikotoka. Mwaka 2024 wameongeza na vya uuguzi. Usiishie kwangu: kila kitabu kina ukurasa wa leseni mbele, na vingine vinakataza kufanyiwa biashara, kwa hiyo kijana wako ausome kabla ya kuweka bei. Kuprinti kitabu chote hakumsaidii mtu, maana kina zaidi ya kurasa elfu moja. Kwa shilingi mia ukurasa umeshavuka laki, karibu tunarudi kwenye ile bei ya dukani. Ila sura mbili za mifupa wiki ya mtihani, zimebaindiwa, hiyo ni kazi ya steshenari ya zamani kabisa. Labda kopi zako zinaweza kurudi kwa mlango huo.

Wanaosomea ualimu wanahitaji vitabu vya kiada vya shule, na hivyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye Maktaba Mtandao yake, vinasomwa bila malipo. Wanaotafuta majarida ya afya, chuo chao huenda tayari kina njia kupitia HINARI, mpango uliozinduliwa mwaka 2002 kwa uongozi wa Shirika la Afya Duniani. Taasisi za nchi kama yetu huingia bila kulipa, kwa nywila ya taasisi, ambayo mara nyingi imekaa kwa mkutubi ikisubiri mtu aiulizie. Na asiye na bando kabisa, Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed ipo tangu Mwalimu Nyerere alipoifungua mwaka 1967, daladala za Posta zinapita karibu. (Nilisomea pale mimi, meza za upande wa dirisha, na nilikuwa nasinzia kama wengine.)

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Vitabu hivi vya bure havitaziba nafasi ya vitabu elfu tatu. Vya Marekani vimeandikwa kwa ajili ya Wamarekani, na mgonjwa anayeelezwa mle si yule atakayemkuta wodini Temeke. Mhadhiri akishataja kitabu fulani, mwanafunzi anataka hichohicho, hata ukimwonyesha kingine chenye somo lilelile. Wateja wengine watavuka kwenda fremu ya pili, mume wako hajakosea kwa hilo. Ukiifuta diski siku moja unaweza kujikuta Januari huna kodi. Ukiipunguza kidogo kidogo, ukaanza na vitabu vya waandishi wa hapahapa nyumbani ambao kila nakala wanaihesabu, bado utakuwa unauza vingine ambavyo si vyako, na utajua unavyouza. Ukiendelea kama ulivyo, unaendelea na ile foleni na ule wasiwasi uliokufanya uniandikie. Kila njia ina gharama yake, na anayelipa kodi ni wewe, siwezi kukuchagulia nikiwa nimeketi huku.

Wale wahadhiri, hata hivyo, ningewatumia. Mtu anayewaelekeza wanafunzi kwako amekiri kwamba chuo chake hakijawapatia kitabu. Muulize mmoja wao sura zipi za kitabu huria, kama hivi vya bure, zinalingana na somo lake. Akikuandikia kwenye karatasi moja, hiyo karatasi ni mali.

Haya, baba mdogo.

Rafiki yako anasema uombe msamaha yaishe. Anafikiri jambo ni moja. Wewe pia umeyafunga pamoja: niifute diski, ndipo mzee anisamehe. Mimi sina hakika kwamba mzee anaidai diski. Mtu anayedai fedha hatoi buku mfukoni mwake. Amekaa pale, ameinunua kazi yake mwenyewe kwa mtoto aliyemlea, akaisoma. Angeweza kukugombeza mbele ya kijana, hakufanya. Jioni amekula kwako.

Unaamini amekasirika kwa hasara. Inawezekana, kiinua mgongo si fedha ya mchezo. Lakini jaribu kufikiri pia kwamba mwalimu mstaafu alikuwa anasikia kwako kwamba kitabu hakiendi, nne tu kati ya 30, akarudi Morogoro anaamini hakitakiwi. Kumbe kinatakiwa, kinaulizwa kwa jina, na hakuna aliyemwambia. Sijui kama ndicho kinachomuuma. Wewe unamjua, mimi namjua kwa kurasa zako tu. Ila mimi nami ni shangazi wa watu, nina kaka zangu walimu, na nimeona wanavyokishika kitabu chenye jina lao.

Pete kaiona. Nadhani hilo unalijua, ndiyo maana hujamwambia mtu.

Simu haitatosha, hasa kama anayepokea ni mama mdogo. Unaweza kumtanguliza mtu mzima wa ukoo akakufungulia njia. Faida yake ni kwamba mzee atalazimika kusikiliza, hatari yake ni kwamba jambo ambalo yeye amelisitiri litakuwa la kikao. Alisema hana neno na wewe mbele za watu. Huenda alikuwa anakufunika. Unaweza kwenda mwenyewe, treni ya SGR siku hizi ni asubuhi kwenda na jioni kurudi, ukaketi naye bila mtu wa tatu. Hatari yake ni kwamba anaweza kunyamaza nawe siku nzima. Utaweza kuvumilia hilo? Jiulize kabla ya kukata tiketi.

Ukienda, bahasha ya fedha isitangulie maneno. Najua utataka kupiga hesabu ya buku ngapi ziliingia, na siku moja hesabu hiyo itafaa, lakini ikitangulia inaweza kusikika kama umekuja kumlipa anyamaze. Na kijana usimtaje kama kinga. Alipiga picha kwa ruhusa yako, kidole kilichoshika karatasi si chake.

Mengine yanaweza kufuata, au yasifuate. Kwa mfano yeye mwenyewe akitaka kitabu kiuzwe kwa dijitali, kwa bei atakayoipanga, duka lako likihesabu na kumtumia fedha kila mwezi. Mwambie ukweli kwamba faili likishaingia grupu moja la WhatsApp halirudi, na lile la buku tayari limetoka. Anaweza kukataa kabisa, akataka karatasi tu. Anaweza kutaka kuandika toleo la pili, sahihi zaidi, ambalo la zamani halitalifikia. Walimu wanapenda kusahihisha. Kitabu ni chake, muulize.

Vile vitabu 26 hukuniambia viko wapi. Vihesabu kwanza. Mojawapo, ile mliyoifungua ili ipigwe picha, sidhani kama bado inauzika. Kama unayo, naomba uniandikie uliiweka wapi.

Shangazi